Ukituma Pesa kwa Kampuni ya Kamari, Nani Anakulinda?

Tuanze na kitu ambacho wengi wenu mnakijua vizuri. Ni Jumamosi jioni, mechi za Uingereza ziko karibu kuanza, na simu inalia: umetuma shilingi 200 kwa Paybill fulani. Ujumbe unakupa jina la kampuni, saa, nambari ya muamala na salio lililobaki. Kwetu sisi kazi imekwisha. Pesa imetoka kwenye akaunti yako na kufika ulikoielekeza. Kwako wewe ndio mambo yanaanza, kwa sababu kuanzia dakika hiyo hizo 200 zimo mikononi mwa kampuni ya kamari, na kurudi kwake kunategemea sheria ambazo wateja wengi hawajawahi kuzisoma.

Maswali tunayoulizwa kuhusu kubeti yanafanana sana. "Nimeshinda na hawanilipi, nyinyi si mnaweza kunirudishia?" "Kuna mtu aliniahidi mechi za uhakika, nikamtumia, sasa amenibloku." "Kijana wangu amecheza na laini yangu, pesa ya fees imeisha." Hatuko hapa kumhubiria mtu. Kubeti ni halali Kenya kwa aliyefikisha miaka 18, mradi kampuni iwe na leseni. Tunachotaka ni ujue hiyo leseni inafanya kazi gani na inakomea wapi, kwa sababu nambari unayolipia ndiyo mara nyingi huamua kama kuna mtu anayelazimika kukusikiliza mambo yakiharibika.

Leseni inauliza nini

Kwa karibu miaka 60 kamari Kenya ilisimamiwa na sheria ya mwaka wa 1966, ile wanasheria wanaiita Sura ya 131. Ndiyo iliyounda Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, BCLB. Sheria hiyo iliandikwa wakati kamari ni kasino, tikiti za bahati nasibu na mbio za farasi pale Ngong Road. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja kasino ingekaa mfukoni mwa suruali. Pesa za simu zikaja mwaka wa 2007, simu za intaneti zikafuata kwa wingi, na sheria ikabaki palepale ikiburutwa. Mwezi wa Agosti 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari, ambayo inaifuta ile ya zamani na kuunda Mamlaka mpya ya Kudhibiti Kamari kuchukua nafasi ya Bodi. Kwa hivyo ukisikia "Bodi" na "Mamlaka" kwenye habari, ni kazi ileile imebadilisha nyumba.

Kaunti nazo zina sehemu yao. Katiba ya 2010 inaiweka kamari kwenye orodha ya kazi za serikali ya kitaifa na tena kwenye orodha ya kazi za kaunti, jambo ambalo limeleta mivutano yake. Lakini kamari ya mtandaoni haina mpaka wa kaunti, kwa hivyo hapa tunazungumzia mdhibiti wa kitaifa.

Mdhibiti yeyote makini, awe wa Kenya, Uingereza au Malta, huanza na maswali ya kuchosha. Wenye kampuni ni akina nani hasa? Mtaji umetoka wapi? Wakurugenzi wana rekodi ya uhalifu? Kodi zimelipwa? Siku mtu akigonga jekipoti, kuna pesa ya kumlipa? Halafu wanaingia kwenye mitambo yenyewe. Michezo ambayo matokeo yake yanatolewa na kompyuta hupelekwa kwa maabara huru, kama GLI au eCOGRA, zikague kama namba zinazotoka kweli ni za kubahatisha na kama mchezo unarudisha kiasi ambacho kampuni inatangaza.

Kisha kuna suala la kumjua mteja. Sheria yetu ya kuzuia utakatishaji wa pesa, ya mwaka wa 2009, inazihesabu kasino, zikiwemo za mtandaoni, miongoni mwa biashara zinazopaswa kujua wateja wao na kuripoti miamala ya kutiliwa shaka. Ndiyo maana kampuni halali inataka jina la akaunti ya kubeti na jina la laini yako ya simu vilingane. Wengine huona ni usumbufu. Si usumbufu. Hilo ndilo linalozuia mtu mwingine asitoe ushindi wako kwa laini yake.

Sasa angalia leseni haisemi nini. Haisemi utashinda. Haisemi hata kwamba mchezo una manufaa kwako. Inasema tu kwamba mchezo ni ule uliotangazwa, kampuni inajulikana, na kuna mlango wa kubisha ukidhulumiwa. Spribe, waliotengeneza Aviator, wanasema wazi kwamba mchezo wao hurudisha asilimia 97. Inasikika vizuri, si ndiyo? Piga hesabu. Ukianza na shilingi 100 na kuirudisha yote mchezoni kila mzunguko, kwa wastani baada ya mizunguko 50 utabaki na kama shilingi 22. Wastani maana yake kuna atakayeondoka na nyingi, na wengi wataondoka mikono mitupu. Na mizunguko 50 ya ndege ile haifiki nusu saa. Mchezo huo unaweza kupita maabara zote duniani, uwe safi kabisa, na bado ukumalize.

Ongeza ushuru. Tangu tarehe 1 Julai 2025, asilimia 5 hukatwa ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine ukitoa. Ukiweka 1,000, inaingia takriban 950. Ukizitoa zote bila kuongeza wala kupoteza hata shilingi, unapokea kama 902. Karibu shilingi 100 imeenda, na hatujagusa bado gharama za kutuma. Anayeweka na kutoa mara nne kwa siku anailipa hiyo ada mara nne.

Julai 2019, Paybill zilipofungwa

Ukitaka kuelewa nguvu ya mdhibiti, kumbuka mwaka wa 2019. Chini ya sheria ya zamani leseni zilikuwa za mwaka mmoja, zikiisha mwisho wa Juni. Mwaka huo, katikati ya mvutano mkali kuhusu kodi, Bodi ilikataa kuzipa upya leseni kampuni 27, zikiwemo SportPesa na Betin ambazo wakati huo zilikuwa majina makubwa kabisa. Bodi haikutuma askari kuvunja milango ya ofisi. Iliandikia kampuni ya simu izifunge Paybill na nambari fupi za ujumbe za kampuni hizo.

Hebu fikiria hilo kidogo. Tovuti zilikuwa bado hewani. Mitambo ilikuwa inafanya kazi. Lakini bila Paybill hakuna pesa inayoingia, na kampuni ya kamari isiyoingiza pesa ni tovuti ya matokeo ya mpira tu. Kesi zilikwenda mahakamani, amri zikatolewa huku na huku, na kufikia mwishoni mwa Septemba SportPesa na Betin zilikuwa zimetangaza kusimamisha shughuli zao nchini. Watu walipoteza kazi. Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila mdhamini, na shabiki wa ligi yetu anajua msimu ule ulikuwaje. SportPesa ilirudi baadaye, ikiwa chini ya kampuni nyingine yenye leseni.

Kwa mteja wa kawaida, mambo mawili kutoka mwaka ule bado yana maana. La kwanza ni kwamba salio lililo kwenye akaunti ya kubeti si akiba. Ukiacha 5,000 kwenye akaunti yako ya pesa za simu, sheria inamtaka mtoa huduma aziweke pesa za wateja kando, kwenye amana, mbali na pesa za biashara. Ukiziacha hizo 5,000 kwa kampuni ya kamari, wewe ni mtu anayeidai kampuni hiyo, na ikifungiwa leo utaanza kuuliza maswali kesho.

Hili si la Kenya peke yake. Tovuti ya poka iliyoitwa Full Tilt Poker ilikuwa na leseni ya Alderney, kisiwa kidogo karibu na Ufaransa ambacho wadhibiti wake walikuwa wanaheshimika. Mwezi wa Juni 2011 leseni hiyo ikasimamishwa. Waendesha mashtaka wa Marekani wakasema kampuni ilikuwa inadaiwa na wachezaji karibu dola milioni 390, huku benki ikiwa na kama dola milioni 60. Pesa za wachezaji zilikuwa zimechanganywa na za kampuni na kutumika. Kampuni shindani ndiyo iliyokuja kuinunua na kulipa, na wachezaji wengi wa Marekani walianza kulipwa mwaka wa 2014. Miaka karibu mitatu kusubiri pesa yako mwenyewe! Uingereza siku hizi huzilazimisha kampuni kumwambia mteja waziwazi kama pesa yake imewekewa ulinzi wowote kampuni ikifilisika, na jibu lenyewe linaweza kuwa "hapana". Kwa hivyo ukishinda, toa. Usiiache pesa ilale kule ati utacheza wikendi ijayo.

La pili ni majina. Jina unalolijua kutoka kwa tangazo ni la biashara. Jina lenye leseni ni la kampuni iliyosajiliwa, na yanaweza yasifanane hata kidogo: SportPesa ya 2019, kwa mfano, ilikuwa inaendeshwa na Pevans East Africa. Ukishuka chini kabisa ya tovuti, mahali ambapo hakuna anayesoma, utaona jina la kampuni na nambari ya leseni. Hilo ndilo la kulinganisha na orodha ya mdhibiti ya kampuni zilizoruhusiwa kwa mwaka huu, na pia na jina linalotokea kwenye simu yako kabla hujaweka PIN. Leseni iliyokwisha muda haihesabiki.

Nambari ya mtu binafsi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wateja wetu wanaumia zaidi.

Kampuni yenye leseni inapokea pesa kwa njia iliyosajiliwa kwa jina lake. Haikuambii umtumie "ajenti wetu Mercy" kwenye laini yake. Haibadilishi nambari kila wiki kwa ujumbe wa WhatsApp. Ukiona tovuti ya kubeti inayokupa nambari ya mtu binafsi, au Till ya duka la nguo, hata kama ukurasa una nembo ya mdhibiti na bendera ya Kenya juu yake, hiyo si kampuni ya kamari. Nembo ni picha, na picha hunakiliwa kwa sekunde mbili.

Wizi wenyewe una sura chache tu, na ukizijua hutashangaa. Kuna wanaouza mechi za uhakika kwenye Telegram: unatuma 1,000, unapewa matokeo, ukipoteza unaambiwa ulipe 3,000 uingie kundi la watu maalum. Jiulize, mtu anayejua matokeo ya kesho anahitaji elfu moja yako ya nini? Kuna wanaouza programu za kutabiri Aviator itaanguka wapi. Matokeo ya kila mzunguko hutolewa na mtambo wa kubahatisha kwenye seva za mchezo, na hakuna programu kwenye simu yako inayoweza kuyaona kabla. Na kuna ule mbaya kuliko yote, wa ushindi uliokwama. Akaunti yako inaonyesha 84,000. Ukitaka kutoa unaambiwa ulipe kwanza kodi ya 4,000, halafu ada ya kufungua akaunti, halafu ya uhakiki. Kodi halali hukatwa kwenye ushindi wenyewe wakati wa kutoa. Hakuna kampuni yenye leseni itakayokutaka utume pesa ndio upewe pesa yako.

Ukishatuma kwa hiari yako, ukaweka PIN mwenyewe, kurudisha ni kazi ngumu. Tunaweza kupokea ombi, na kama pesa bado ipo kwenye laini iliyopokea inaweza kuzuiliwa. Lakini wezi hutoa kwa wakala ndani ya dakika chache. Piga simu huduma kwa wateja mara moja, usingoje hadi jioni ukiona aibu, kisha upige ripoti polisi.

Kisa cha kampuni yenye leseni ni tofauti kabisa. Ikikataa kukulipa, tunaweza kukuthibitishia kwamba pesa yako ilifika, lini na kwa nambari gani. Hatuwezi kuamua kama beti yako ilishinda. Andikia kampuni kwanza, kwa maandishi si kwa simu, uweke nambari ya muamala, nambari ya beti na picha ya skrini. Wakikuzungusha, peleka malalamiko hayohayo kwa mdhibiti. Kampuni iliyo na leseni ya kupoteza hujibu barua. Ile iliyo na leseni ya kisiwa cha Curaçao kule Karibea, au isiyo nayo kabisa, haina cha kupoteza hapa. Leseni ya kigeni haiiruhusu kampuni kufanya biashara Kenya, na mdhibiti wetu hana kamba ya kuivuta.

Laini ya mama, mtoto wa Form Two

Ulinzi mmoja ambao karibu kila nchi inao ni umri. Kwetu ni miaka 18. Kwa jirani zetu Uganda, sheria yao ya 2016 iliweka miaka 25, kwa hivyo kijana wa miaka 20 pale Busia ni mtu mzima wa kubeti upande mmoja wa barabara na hajafika upande wa pili.

Kwenye simu, umri hauonekani usoni. Mfumo unaona laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima na PIN sahihi, basi. Kama laini ni ya mama na PIN anaijua mtoto kwa sababu ndiye hutumwa kumlipia stima na kumnunulia unga, basi kwa mdhibiti, kwa kampuni na kwetu sisi, aliyecheza ni mama. Hakuna sheria, iwe ya zamani au mpya, inayoweza kuziba tundu hilo kutoka Nairobi. PIN ndiyo sahihi yako. Mtoto akitumwa kulipa, weka PIN mwenyewe. Na kama unashuku tayari anaijua, ibadilishe leo, halafu uchukue taarifa ya miamala ya miezi mitatu uangalie.

Kuhusu matangazo, angalau kuna kilichofanyika. Tarehe 29 Aprili 2025 Bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwongozo uliofuata ukazuia watu mashuhuri kutumika kuyafanya. Maoni yetu: hatua nzuri, ilichelewa. Watoto walikuwa wameshajua majina ya kampuni hizo kabla ya kujua majina ya kaunti 47.

Kwa anayetaka kuacha

Mdhibiti mzuri pia humsaidia mchezaji kujifungia nje. Uingereza wana mfumo mmoja uitwao GAMSTOP, ambao tangu Machi 2020 kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni yao lazima ijiunge nao. Unajiandikisha mara moja na kampuni zote zinakukataa. Mwezi uliofuata, Aprili, wakapiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo, ili mtu asicheze na pesa ambazo hana. Hilo la pili linatuhusu sana sisi tulio kwenye biashara ya malipo, maana mkopo wa simu hupatikana kwa sekunde na ladha yake ni ileile ya kadi.

Hapa nchini, kampuni nyingi zina mahali pa kujiwekea kikomo cha siku au kujifungia kwa muda. Shida ni kwamba ukifunga mlango mmoja, mingine iko wazi. Kwa hivyo jifungie kwa kila kampuni ambayo una akaunti, kwa maandishi, na uhifadhi jibu lao. Ikiwa wataendelea kukutumia ujumbe wa ofa baada ya hapo, hilo nalo ni lalamiko la kupeleka kwa mdhibiti.

Kabla ya hayo yote, omba taarifa yako ya pesa za simu ya miezi mitatu iliyopita. Jumlisha yote uliyotuma kwa Paybill za kubeti, kisha jumlisha yote yaliyorudi. Usikadirie kichwani, kwa sababu kichwa hukumbuka ile 7,000 ya Februari na kusahau zile 50 na 100 za kila usiku. Hesabu hiyo ifanye peke yako kwanza. Ikikutisha, au ukijikuta unakopa ili ucheze, unamficha mwenzako nyumbani, au unawaza kujidhuru, kuna watu wa kuongea nao bila malipo: laini ya Kenya Red Cross ni 1199.